Kifundo cha Marco van Basten: kisa cha kiungo kilichosagika baada ya jeraha

Mgonjwa ni mwanamume, mzaliwa wa Utrecht, Uholanzi, 31 Oktoba 1964. Kazi: mchezaji wa mpira wa miguu, mshambuliaji wa kati. Lalamiko: maumivu ya kifundo cha mguu yaliyoanza baada ya kuumia uwanjani Desemba 1986, yakatulia, yakarudi kwa nguvu, yakamtoa kazini akiwa na miaka 28. Mechi yake ya mwisho ya mashindano ilichezwa Munich tarehe 26 Mei 1993, fainali ya Ligi ya Mabingwa ambayo AC Milan walifungwa 1–0 na Marseille. Alitolewa zikiwa zimebaki dakika chache. Miaka miwili iliyofuata aliimaliza akihangaika na tiba, na Agosti 1995 akatangaza kwamba amestaafu.

Wapenzi wa mpira wana namna yao ya kusimulia habari za Marco van Basten: kipaji kilichokatika kabla ya wakati, na kocha Fabio Capello akibubujikwa na machozi siku San Siro, uwanja wa Milan, ilipomuaga. Sina ugomvi na simulizi hiyo. Ila mtu mwenye kifundo kibovu akiisoma, anaona kitu kingine kabisa. Dereva wa bodaboda aliyevunjika kifundo na mfupa ukaunga kombo, mama wa sokoni ambaye mguu umeteguka mara nne na kila mara akakandwa kwa maji ya moto, hao wanaijua njia aliyopita van Basten hata kama hawajawahi kumwona akicheza. Kilichomtofautisha yeye ni kwamba kila hatua ilifanyika mbele za watu, na baadaye akaieleza mwenyewe bila kupamba. Ndiyo maana kisa chake kinachambulika.

Nikitangulize ninachokiona humo: kwa miaka mingi karibu kila tiba aliyopewa ilikuwa na lengo moja, arudi uwanjani. Tiba iliyompa nafuu ya kweli ni ile iliyokubali kwamba harudi.

Jeraha, makubaliano na miaka ya kimya

Desemba 1986 van Basten alikuwa na miaka 22, mfungaji wa mabao 37 ya ligi msimu uliokuwa umepita, mwenye Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya. Klabu yake ya wakati huo, Ajax, ilicheza na FC Groningen na yeye akaumia kifundo. Haikuwa ajali ya kutisha. Hakuna mfupa uliochomoza wala machela ya haraka. Ilikuwa ile aina ya jeraha ambalo mchezaji anachechemea, anafungwa bandeji, na wiki mbili baadaye watu wanauliza mbona bado.

Hapakupona vizuri. Kocha wake, Johan Cruyff, alifikia naye makubaliano: asicheze kila mechi ya ligi, apunguziwe mazoezi, lakini zile za Ulaya awepo. Ajax walikuwa wanalitafuta Kombe la Washindi, na walilipata. Tarehe 13 Mei 1987, Athens, waliifunga Lokomotive Leipzig 1–0, na bao lilikuwa la van Basten.

Ni rahisi leo kumlaumu Cruyff, na wengi wamemlaumu. Mimi naona makubaliano yale yanafanana sana na yale ambayo watu wa kawaida hujiwekea wenyewe bila kocha: nitakwenda shamba lakini sitabeba mzigo, nitaendesha pikipiki lakini nusu siku. Kifundo hakipumziki hata kidogo kwa mpango wa namna hiyo. Kinafanya kazi ileile kwa saa chache, kikiwa bado kimelegea.

Kiangazi hicho akahamia Milan. Novemba 1987 alifanyiwa upasuaji wa kifundo na msimu karibu wote ukampita; alicheza mechi 11 tu za ligi. Kisha likaja jambo ambalo ndilo gumu kuelewa katika kisa hiki. Alipona, au alionekana amepona. Juni 1988, kwenye Kombe la Ulaya kule Ujerumani Magharibi, aliwafunga Uingereza mabao matatu Düsseldorf, na fainali dhidi ya Wasovieti akafunga lile bao la kuunganisha mpira hewani kutoka pembeni ambapo hakuna aliyedhani mtu angepiga. Akachukua Mpira wa Dhahabu 1988, 1989 na tena 1992. Kombe la Klabu Bingwa Ulaya akalibeba 1989 na 1990.

Inawezekanaje kiungo kinachoharibika kifanye kazi hiyo kwa miaka minne? Jibu liko kwenye gegedu, ile tabaka laini na telezi inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo. Gegedu haina mishipa ya fahamu. Inaweza kuchubuka, kupasuka, kuwa nyembamba mwaka hadi mwaka, na mwenye nayo asihisi kitu. Haina mishipa ya damu pia, kwa hiyo haijirekebishi kama ngozi au mfupa unavyojirekebisha. Maumivu yanaanza pale uharibifu unapofika kwenye mfupa ulio chini yake, au utando wa kiungo unapovimba kwa kusumbuliwa na vipande vilivyomomonyoka. Kufikia hapo umechelewa kwa miaka.

Kwa hiyo mtu anayesema "niliteguka zamani lakini kulipona kabisa" anasema kweli kuhusu maumivu. Kuhusu gegedu, hana habari.

Kwa nini kifundo

Kifundo ni kiungo cha ajabu. Mwili mzima unakitegemea, na unapotembea kinaweza kubeba mzigo unaofikia mara tano ya uzito wako, huku sehemu yenyewe ya kugusana ni ndogo kuliko ya goti au nyonga. Gegedu yake ni nyembamba, milimita moja au mbili hivi. Ungetarajia kiwe cha kwanza kuchakaa uzeeni. La hasha. Magoti na nyonga huchakaa kwa umri na uzito. Kifundo kikiachwa salama kinaweza kumfikisha mtu miaka 80 bila kulalamika. Kati ya wagonjwa 100 wenye kifundo kilichosagika, takriban 70 chanzo chao ni jeraha: kuvunjika, au kuteguka mara kwa mara mpaka kano zikalegea. Ndiyo maana wagonjwa wa kifundo ni vijana kuliko wale wa goti. Wako kwenye umri wa kufanya kazi, wana watoto shuleni.

Sababu iko kwenye jinsi kilivyoundwa. Mfupa wa talasi, ule ulio juu ya kisigino, umekaa katikati ya muundi na ule mfupa mwembamba wa upande wa nje, umebanwa juu na pande zote mbili, kama ulimi wa ubao ambao seremala kauchonga uingie kwenye tundu lake bila kubakiza hata nafasi ya unyoya. Mradi umekaa sawasawa, uzito unasambaa. Ukisogea kidogo, mambo yanageuka haraka. Mwaka 1976 Ramsey na Hamilton walipima kwenye miguu ya maiti wakakuta kwamba talasi ikisogea milimita moja tu kuelekea nje, eneo la kugusana linapungua kwa asilimia 42. Milimita moja. Uzito ni uleule, ila sasa umekaa juu ya karibu nusu ya eneo.

Hapo ndipo kuvunjika kwa kifundo kunapotofautiana na kuvunjika kwa, tuseme, mfupa wa paja. Paja likiunga likiwa limepinda kidogo, mtu anaishi. Kifundo kikiunga kikiwa kimesogea milimita mbili, hesabu inaanza. Kwa hiyo mtu aliyeumia kifundo, swali la kwanza si la kukandwa wala la bandeji. Swali ni kama anahitaji picha ya eksirei. Madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa mwaka 1992 kanuni ambayo hata muuguzi wa zahanati anaweza kuitumia: kama aliyeumia hawezi kupiga hatua nne, au anaumia unapobonyeza ukingo wa nyuma au ncha ya mfupa wa upande wowote wa kifundo katika sentimita sita za chini, apigwe picha. Kushindwa huko kuwe kwa mara zote mbili: pale alipoumia, na tena akiwa hospitali. Kuchechemea kunaruhusiwa.

Na picha ya kutafuta usagikaji, miaka baadaye, ipigwe mgonjwa akiwa amesimama. Hili linasahaulika mno. Ukimlaza mtu kitandani, mifupa inaachana kidogo na nafasi kati yake inaonekana ipo. Anarudishwa nyumbani na dawa za maumivu na maneno kwamba picha yake safi. Asimame kwenye mguu ule, nafasi ileile inaonekana imekwisha.

Kabla ya kisu

Kwa mgonjwa wa kawaida tiba huanza na mambo yasiyo na utukufu wowote. Van Basten hakuwa na nafasi nayo, kwa kuwa karibu yote yanapingana na kazi aliyokuwa akiifanya: kupunguza mbio, kuacha kuruka, kutozungusha mguu ukiwa umekanyaga. Ndiyo hatari ya kuwa na kazi inayotegemea kiungo kilekile kinachokufa. Fundi anayepanda ngazi na mwanamke anayechota maji bondeni wako kwenye mtego huohuo, bila mshahara wa Milan.

Yanayosaidia ni haya. Kiatu kwanza. Kandambili na viatu vyenye soli laini inayokunjika vinakilazimisha kifundo kufanya mzunguko wote. Kiatu chenye soli ngumu iliyopindishwa mbele na nyuma kinauacha mguu ubingirike mbele huku kifundo kikijikunja kidogo tu. Fundi viatu mzuri anaweza kuibandika soli ya namna hiyo kwenye buti la kawaida akionyeshwa. Kishikizo cha kifundo, kile cha kufunga kwa kamba na chenye pande ngumu, kinazuia mguu kupinduka ukitembea kwenye mawe. Kupunguza uzito kunafaa zaidi ya watu wanavyodhani, kwa sababu ya ile hesabu ya mara tano: kilo kumi zikitoka mwilini, kifundo kinapunguziwa hadi 50 katika hatua. Fimbo ishikwe mkono wa upande wa mguu mzima. Wengi hushika upande wa mguu mbovu.

Dawa za ibuprofeni na diklofenaki zinatuliza, lakini si za kumeza kila siku kwa miaka kwa kununua duka la dawa la mtaani. Tumbo linatoboka na figo zinachoka bila kelele. Sindano ya steroidi ndani ya kiungo huleta nafuu ya wiki kadhaa, pengine miezi. Haijengi chochote, na asiye na haraka ya kuingia chumba cha upasuaji ndiye anayefaa kupewa, kwa kuwa kisu kikifuata ndani ya miezi mitatu hatari ya maambukizi inaongezeka.

Sindano za plazima, ile damu ya mgonjwa mwenyewe inayozungushwa kwenye mashine kisha sehemu yake ikarudishwa kiungoni, zinauzwa kwa bei ya juu na kwa maneno matamu. Uholanzi, nchi ya mgonjwa wetu, ilifanyika majaribio kwa watu 100 wenye kifundo kilichosagika: nusu walipewa plazima, nusu maji ya chumvi, na hakuna kati yao aliyejua amepewa nini. Matokeo yalichapishwa 2021. Baada ya wiki 26 hapakuwa na tofauti ya maana. Mtu anayetaka kuuza mbuzi wake alipie sindano hizo kwa ajili ya kifundo, ajue hilo kwanza.

Visu na fremu

Turudi Milan. Desemba 1992, siku zilezile alizotangazwa mshindi wa Mpira wa Dhahabu kwa mara ya tatu, van Basten alilazwa Uswisi kwa upasuaji mwingine. Mwezi mmoja nyuma alikuwa amefunga mabao manne katika mechi moja ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya IFK Göteborg. Alirudi uwanjani mwishoni mwa msimu, akacheza mechi chache, ikaja ile fainali ya Munich, na wiki chache baadaye akarudi kitandani kwa kisu kingine. Msimu wa 1993–94 hakucheza hata mechi moja. Milan walitwaa ubingwa wa Ulaya 1994 bila yeye, na Kombe la Dunia la Marekani likampita pia.

Kusafisha kiungo kwa kisu au kwa kamera kuna mahali pake. Kama kuna mwiba wa mfupa uliochipuka mbele ya kifundo na unabana mtu akipanda ngazi, ukikatwa anapata nafuu kubwa. Kama kuna kipande cha gegedu kinachoelea na kukwama, kikitolewa kiungo kinaacha kujifunga ghafla. Gegedu ikishaondoka kwa eneo kubwa, kusafisha ni kufagia chumba ambacho sakafu yake haipo. Daktari mwaminifu anamwambia mgonjwa hivyo. Tatizo ni kwamba mgonjwa mwenye miaka 28, mwenye klabu, mkataba na taifa zima nyuma yake, hataki kulisikia, na kila mara atapatikana mtu wa kumpa jaribio moja zaidi.

Jaribio la mwisho la kuokoa mwendo wa kifundo chake lilikuwa fremu ya Ilizarov. Gavriil Ilizarov alikuwa daktari wa Kisovieti aliyefanya kazi Kurgan, Siberia, na tangu miaka ya 1950 aliunda pete za chuma zinazozunguka mguu, zikishikwa na nyaya nyembamba zinazopita ndani ya mfupa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kwetu hospitali za mifupa zinazijua kwa kunyoosha na kurefusha mifupa. Utrecht, mji aliozaliwa van Basten, watafiti walizitumia kwa jambo jingine: kuivuta mifupa ya kifundo iachane kwa milimita tano hivi na kuiacha hivyo miezi kama mitatu, mgonjwa akikanyaga huku uzito ukipita kwenye vyuma badala ya gegedu. Wazo ni kwamba kiungo kikipunguziwa msuguano huku ute wake ukiendelea kusukumwa na kurudi, kinaweza kujirekebisha kidogo.

Wapo waliopata nafuu ya miaka kwa njia hiyo, na kwa kijana ambaye hataki kiungo chake kifungwe bado inafikiriwa. Lakini si mchezo. Matundu ya nyaya husafishwa kila siku kwa sababu huota usaha kwa urahisi, kulala ni mtihani, na suruali zote zinakatwa. Van Basten aliivaa 1994. Haikumrudishia mwendo wa mchezaji.

Katika kumbukumbu zake alizozitoa 2019 ameeleza usiku wa kipindi hicho. Anaamka, anataka kwenda msalani, hawezi kukanyaga. Anatambaa kwa mikono na magoti, mguu ameuinua usiguse popote, akihesabu sekunde kichwani mpaka afike. Kilichomuumiza zaidi ni kizingiti cha mlango wa bafu, mahali ambapo lazima mguu upite juu ya kitu. Mtu aliyewahi kuuguza kifundo hahitaji kuelezwa kizingiti ni kitu gani.

Inasaidia kujua kwamba hakuwa akideka. Mwaka 2008 watafiti wa Kanada waliwalinganisha wagonjwa wenye kifundo kilichosagika kabisa na wale wenye nyonga iliyosagika kabisa, wanaosubiri upasuaji. Mateso, ya mwili na ya moyo, yalikuwa sawa. Bibi mwenye nyonga mbovu anaonewa huruma na kila mtu. Kijana mwenye kifundo kibovu anaambiwa ajikaze.

Kuunganisha au kubadilisha

Akiwa ameshastaafu, van Basten alikubali upasuaji ambao kwa mchezaji ni sawa na hukumu: kifundo kiliunganishwa. Daktari anakwangua gegedu yote iliyobaki, anaikutanisha talasi na muundi mfupa kwa mfupa, anaikaza kwa skrubu, na mwili unaiunga kama unavyounga mahali palipovunjika. Baada ya hapo mguu haupandi wala haushuki kwenye kifundo. Na kwa kuwa hakuna tena nyuso mbili za kusuguana, maumivu yanakwisha.

Kwake yalikwisha. Alirudi kutembea bila kuhesabu. Akacheza gofu, na kuicheza vizuri. Mwaka 2004 alichukua timu ya taifa ya Uholanzi, akakaa nayo hadi 2008, akisimama pembeni ya uwanja dakika 90 kwa mguu ambao miaka kumi nyuma haukuweza kuvuka kizingiti. Mpira wenyewe hakuurudia.

Mafanikio ya upasuaji huu yanategemea vitu vidogo. Pembe ya kuunganishia ndiyo kubwa: unyayo ukae nyuzi 90 na mguu, kisigino kielekee nje nyuzi tano hivi, vidole vitazame nje kidogo, kama vya mguu wa pili. Ukiunganishwa vidole vikielekea chini, mtu atatembea kama anavuka boriti maisha yake yote, na goti litaanza kulipa. Kisha hogo, na wiki sita au zaidi bila kukanyaga. Mifupa huchukua miezi mitatu hivi kushikana. Sigara inaharibu mno hapa, kwa sababu inabana mishipa midogo ya damu inayouhudumia mfupa. Wapo wapasuaji wanaokataa kumgusa mvutaji mpaka aache. Kisukari kisichodhibitiwa nacho hivyohivyo.

Na kabla ya yote kuna kipimo kidogo ninachokipenda kwa ujanja wake: dawa ya ganzi inadungwa ndani ya kifundo peke yake, kisha mgonjwa anaambiwa atembee. Maumivu yakitoweka, chanzo ni hapo. Yakibaki, huenda yanatoka kwenye kiungo cha chini yake, na kuunganisha kifundo kungekuwa kazi bure.

Njia nyingine ni kifundo bandia, cha chuma na plastiki ngumu. Enzi za van Basten kilikuwa hakijaaminika kama leo, na kwa mtu wa umri wake kingekuwa kamari, kwani vifundo bandia vinalegea baada ya miaka na kuvibadilisha ni kazi ngumu. Leo ubishi ni mkali zaidi. Uingereza walifanya majaribio makubwa ya kuzilinganisha njia hizi, wagonjwa 303 wa miaka 50 hadi 85 wakigawanywa kwa kura, na matokeo yakatoka 2022: baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, na tofauti kati yao katika kutembea na kusimama haikuwa ya kuweza kutegemewa. Matatizo yalitofautiana. Waliowekewa kifundo bandia walisumbuliwa zaidi na kidonda kuchelewa kupona. Waliounganishwa, baadhi yao mifupa ilikataa kushikana.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki naona mizani inaelemea upande wa kuunganisha, hasa kama ni kijana, mwanamume au mwanamke wa kazi za nguvu. Kuunganisha kunahitaji skrubu na daktari wa mifupa aliyefundishwa vizuri. Kifundo bandia kinahitaji vifaa maalumu, na zaidi ya hapo kinahitaji mtu atakayekuwepo miaka kumi na tano baadaye kikilegea.

Baada ya kuunganishwa

Watu huogopa kuchechemea. Aliyeunganishwa kwa pembe nzuri, akivaa kiatu, mara nyingi hajulikani akitembea kwenye sakafu sawa. Viungo vidogo vya katikati ya unyayo vinajifunza kuinama kidogo zaidi na kufidia. Shida ziko kwingine, na ni vizuri zitajwe kabla ya kusaini fomu.

Choo cha kuchuchumaa ndicho cha kwanza. Kuchuchumaa kunataka kifundo kikunjwe sana, na kilichounganishwa hakikunji. Mtu atalazimika kuweka mguu ule mbele na kuegemea ukuta, au kutafuta kiti chenye tundu, ambacho fundi wa mtaani anakitengeneza kwa mbao. Kwa Mwislamu, kikao cha tahiyatu kinabadilika: kuukalia mguu uliounganishwa haiwezekani, hivyo anaunyoosha au anaswali kitini, na sheria imempa nafasi hiyo. Kupanda mlima kunahitaji kutanguliza mguu mzima, kushuka kunahitaji kuteremka upande. Mguu wa kulia ukiwa ndio huo, breki ya gari inakanyagwa kwa goti na nyonga, na inabidi kujifunza upya kabla ya kuingia barabarani. Kupanda daladala siyo shida; kuruka nayo ikiwa inatembea ndiyo isahaulike. Mchanga wa pwani unachosha.

Halafu kuna deni la baadaye. Mwendo uliotolewa kwenye kifundo haupotei, unahamia kwenye viungo vya jirani, hasa kile kilicho chini ya talasi na vile vya mbele yake. Iowa, Marekani, waliwafuatilia wagonjwa 23 waliounganishwa kifundo baada ya jeraha, kwa wastani wa miaka 22, na matokeo yakachapishwa 2001: wengi wao viungo hivyo vya jirani vilikuwa vimesagika nao, na baadhi walikuwa na maumivu. Hii ndiyo hoja kubwa ya wanaotetea kifundo bandia, na ni hoja nzito kwa mtu wa miaka 30 kuliko kwa wa miaka 60.

Van Basten alikuwa wa miaka 30 na kidogo. Kwa mgonjwa kama yeye, kiatu chenye soli iliyopindishwa hakitoki mguuni baada ya mfupa kushikana. Kinavaliwa hasa kwa ajili ya viungo vile vya jirani, na picha ya kusimama inarudiwa kila baada ya miaka michache kuangalia jinsi vinavyoendelea.